Kuikimbia Dunia Si Kuikomboa

Tarehe 24 Novemba, 2020, maduka ya vitabu ya Marekani yalianza kuuza riwaya ya Ernest Cline iitwayo Ready Player Two, ambayo ni mwendelezo wa riwaya yake ya kwanza, Ready Player One, iliyotoka mwaka 2011 na kufanywa filamu na Steven Spielberg mwaka 2018. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya jumba la Beit el Ajaib, lililojengwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1883 katika utawala wa Sayyid Barghash, iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha.

Matukio hayo mawili hayakusababishana. Hata hivyo, mtumishi wa umma au mwalimu wa Unguja akiyaweka mbele yake pamoja, hana budi kujiuliza swali moja zito: je, akili ya binadamu itumike kumtorosha kutoka katika dunia, au itumike kuishika dunia isije ikamwangukia? Riwaya ya Cline imelijibu swali hilo kwa namna yake. Jibu hilo linauzwa kwa bei kubwa na makampuni makubwa, na tayari limeanza kusikika katika semina na madarasa ya nchi zinazoendelea. Ndiyo maana yafaa lipimwe.

Kwanza yatazamwe yasemwayo na vitabu vyenyewe. Katika riwaya ya kwanza, dunia ya miaka ya 2040 imechakaa. Nishati imepungua, hali ya hewa imeharibika, na maskini wa Oklahoma City wanaishi katika matela yaliyopandanishwa moja juu ya jingine mithili ya makreti ya soda. Kijana yatima, Wade Watts, hupata nafuu katika dunia ya kubuni iitwayo OASIS, ambayo mtu huiingia kwa kuvaa miwani na glavu za mashine. Humo husoma shule, hupigana vita na hupenda. Mbunifu wake, James Halliday, amekufa na kuacha mashindano ambayo mshindi wake atairithi kampuni, Wade anashinda. Lakini wakati huo mwandishi alikuwa bado na haya. Mwishoni mwa kitabu marehemu anamwusia kijana kwamba alipoteza umri wake kwa kuiogopa dunia ya kweli, na anamwonyesha kitufe cha kuizima OASIS kabisa iwapo italazimu.

Mwendelezo umeutupa wosia huo. Wade, ambaye sasa ni tajiri mkubwa, anakuta chombo kipya kilichofichwa na Halliday. Chombo hicho huvaliwa kichwani na kuungana na ubongo wenyewe, hata mvaaji akaona, akanusa, akaonja na kuguswa kana kwamba yumo mwilini mwake. Asiyekivua kabla ya saa 12 kutimia huumia ubongo. Miongoni mwa wamiliki wanne wa kampuni, Samantha peke yake anapinga kisiingizwe sokoni, akihofu kwamba watu watazidi kuiacha dunia ioze. Kura yake inashindwa, chombo kinauzwa, na mabilioni ya watu wanakivaa. Wakati huohuo fedha za kampuni zinajenga chombo cha angani cha kuwachukua wachache kuelekea nyota ya Proxima Centauri. Kisha nakala ya akili ya Halliday inaasi na kuufunga mlango wa kutokea. Watumiaji wanakuwa mateka ndani ya vichwa vyao wenyewe, na saa zao zinahesabika.

Mateka wanaokolewa, na Wade wa nyama na damu anabaki duniani. Lakini lililotukuzwa katika kurasa za mwisho ni safari ya nakala: nakala za akili za watu, zisizo na mwili wala njaa wala kodi ya nyumba, zinapakiwa katika chombo na kurushwa angani zikaishi milele. Yule aliyeanza kwa kuusikia wosia wa kurudi duniani amemaliza kwa kuituma nafsi yake ya pili iondoke. Yawezekana msomaji akasema kwamba hiyo ni hadithi tu, na hadithi haimdhuru mtu. Usemi huo ungekubalika kama hadithi ingebakia hadithi.

Haikubakia. Mwaka 2014 kampuni ya Facebook iliinunua kampuni ya Oculus, watengenezaji wa miwani ya namna hiyo, kwa kiasi cha dola bilioni 2. Mwezi Oktoba 2021 Facebook ikajiita Meta, kutokana na neno metaverse lililobuniwa na Neal Stephenson katika riwaya yake ya mwaka 1992 iitwayo Snow Crash. Riwaya hiyo ilikuwa imechora jamii iliyomezwa na makampuni. Wenye makampuni wakaisoma tahadhari kama ramani ya ujenzi. Idara ya Meta inayoshughulikia miwani na dunia hizo za kubuni ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 13 katika mwaka 2022, na zaidi ya bilioni 16 katika mwaka 2023. Bepari hamwagi fedha kiasi hicho kwa ajili ya kuwafurahisha watoto. Anayekubali kupoteza leo anatazamia kutoza kesho, na akishakuwa mwenye mlango ndiye atakayepanga kiingilio.

Wataalamu wa lugha wameuita uvumbuzi huu uhalisia pepe. Jina hilo limesema mengi kuliko pengine walivyokusudia. Mkulima wa bonde la Cheju anaijua pepe: ni punje ya mpunga yenye ganda kamili, yenye rangi na umbo kama za wenzake, ila ndani haina mchele. Kwa macho haitambulikani upesi. Hutambulikana inapopepetwa. Basi na uhalisia huu upepetwe, na ungo wa kuupepetea haupo mbali. Upo kilomita 35 hivi kusini mashariki ya Mji Mkongwe, katika msitu wa Jozani.

Jozani, pamoja na Ghuba ya Chwaka, ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, ikiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 50. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika hifadhi zake za binadamu na viumbehai. Humo huishi kima punju, ambaye asili yake ni kisiwa cha Unguja na si penginepo duniani. Zipo filamu nzuri za kima huyu, na haitapita miaka mingi kabla hajawekwa ndani ya miwani, akaruka matawini mbele ya macho ya mtoto aliyeketi London au Chicago. Mtoto huyo atafurahi, na furaha hiyo si dhambi. Ila yapo mambo matatu ambayo miwani isingaliyavumbua kamwe.

La kwanza ni la makaa. Kima wa mashamba yanayopakana na Jozani hula majani ya mwembe na mkungu, yenye lishe nyingi lakini yenye dawa kali inayozuia chakula kusagika tumboni. Watafiti waliokaa nao katika miaka ya 1990 waliwaona wakiokota makaa kwenye matanuri na visiki vilivyoungua, wakayala, na makaa hayo yakawa kinga. Mnyama huyo, ambaye jina lake limebeba neno la sumu, ameitafuta dawa yake chini, kwenye masizi ya mkaa wa binadamu. Dunia ya kubuni huonyesha tu yale ambayo mtengenezaji wake ameyajua tangu kabla. Mtengenezaji asiyejua habari ya makaa hawezi kuyaweka, na mtazamaji hawezi kuyakuta.

La pili ni la nazi. Kwa muda mrefu wakulima wa jirani na msitu wamelalamika kwamba kima hula nazi changa na kuwatia hasara. Lalamiko hilo lilistahili jibu, na jibu halikupatikana kwa mabishano ya ofisini. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walikwenda mashambani, wakahesabu nazi zilizoliwa na zilizovunwa, na mwaka 1999 wakachapisha waliyoyaona: pale kima walipokula nazi changa zaidi, mavuno hayakupungua, bali yalikuwa makubwa zaidi. Minazi huangusha vitale vyake vingi hata pasipo kima. Bila shaka mkulima mwenye mazao mengine yaliyoliwa bado ana dai lake, na fungu la viingilio vya hifadhi linalokwenda vijijini limewekwa kwa sababu hiyo. Lakini haki ya mkulima na uhai wa kima vilikutana pale mtu alipokubali kusimama juani na kuhesabu.

La tatu ni la matuta. Barabara iendayo pwani ya kusini mashariki hupita Pete na Jozani, na magari yalikuwa yakiwagonga kima mara kwa mara. Yakajengwa matuta, mwendo ukapungua, na vifo vikapungua sana. Hayakuwa maajabu ya elektroniki. Yalikuwa kifusi, lami na uamuzi. Hesabu kubwa ya kima iliyochapishwa katika miaka ya 2010 ilikuta zaidi ya kima 5,800 kisiwani, idadi iliyozidi makadirio ya zamani.

Kinyume cha hayo ni habari ya chui wa Unguja. Wengi waliamini kwamba wachawi humfuga na kumtuma awadhuru jirani zao, na katika miaka ya 1960 aliwindwa kwa kampeni. Hivyo dunia iliyojengwa vichwani ilimwua mnyama wa kweli. Leo kilichobaki mkononi ni chui aliyekaushwa na kuhifadhiwa katika makumbusho. Mwaka 2018 kamera ya watengeneza filamu wa Marekani ilinasa mnyama aliyedaiwa kuwa ndiye. Dai hilo halikuthibitishwa. Miwani inaweza kumpa kila mtoto wa Unguja chui wake mwenyewe, hata chui elfu. Jozani haitapata hata mmoja. Anayesema kwamba picha ni badala ya kitu, na aje asimame chini ya miti hiyo aulize chui yuko wapi.

Sasa itazamwe bei ya ndoto hiyo na walipaji wake. Hapana dunia ya kubuni isiyokanyaga mgongo wa dunia ya kweli. Betri za vyombo vya elektroniki hutumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa upande wa Kolwezi, ambako wengi huchimba kwa mikono katika mashimo ya hatari. Kabla mtu wa Ulaya hajapaa angani ndani ya miwani yake, mtu wa Afrika ameshashuka chini ya ardhi.

Tena, dunia hizo zina takataka zake, nazo huzolewa na watu. Jijini Nairobi, vijana wa Kiafrika waliajiriwa na kampuni ya uwakala kuchuja picha na filamu za mauaji na udhalilishaji zisionekane katika kurasa za Facebook. Mwaka 2022 ilifichuliwa na jarida la Time kwamba baadhi yao walibaki na malipo ya dola moja na nusu kwa saa. Mwaka 2023 zaidi ya 180 kati yao walikuwa wamekwenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushitakiwa nchini humo. Mtu mmoja hupumzika kwa kuikimbia dunia. Mwingine hulipwa ujira mdogo ili ayatazame mabaya yote ambayo yule hataki kuyaona. Huo ni mrija uleule wa zamani. Kilichobadilika ni kinywaji tu.

Wapo watakaojibu kwamba fasihi yote ni safari ya kuondoka duniani, na kwamba anayeipiga vita miwani hana budi kuvipiga vita na vitabu. Hoja hiyo inastahili heshima, na jibu lake limo katika fasihi ya Unguja yenyewe. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960, alimwongoza msomaji hadi kwenye mzimu, mahali panapotetemesha nyoyo. Lakini Bwana Msa hakubaki mzimuni akivuta kiko. Alitoka akiwa na ushahidi, na muuaji aliyefichuliwa alikuwa binadamu mwenye tamaa ya kibinadamu. Miaka minane baadaye, katika Kisima cha Giningi, mwandishi huyohuyo alichukua jina la makao ya wachawi na kulitia katika nuru ya akili. Katama Mkangi wa pwani ya Kenya naye, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimpandisha Dzombo katika chombo cha angani na kumfikisha nchi ya haki, ambayo jina lake likitengwa husomeka wale ni sisi. Masomo ya nchi hiyo ni kwa ajili ya ile iliyoachwa nyuma.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Safari ya ndotoni ina heshima yake ikiwa msafiri anarudi na kitu mkononi. Hadithi za Waswahili humpeleka mtu chini ya bahari na nyuma ya milima saba, kisha humrudisha kwao ili atoe hukumu, aoe au alipe deni. Mwendelezo wa Cline umemwachia msafiri wake adhabu ndogo na zawadi ya kutorudi. Kosa lake si kuota. Kosa lake ni kuivunja daraja ya kurudia.

Wapo pia watakaosema kwamba chombo chenyewe kina faida. Hilo ni kweli, na kulikana ni ujinga. Rubani hujifunza kuruka katika mashine ya kuigiza kabla hajapewa roho za abiria, na daktari anaweza kuzoeza mkono wake bila kumkata mgonjwa. Zanzibar yenyewe ina mfano bora. Mwaka 2016 ilianzishwa kazi ya kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki kuzirusha na kuzitumia picha hizo kuchora ramani. Hapo kisiwa kimeingizwa ndani ya kioo ili kitumikiwe vizuri zaidi nje ya kioo: ijulikane nyumba ziko wapi, ardhi inatumikaje, pwani inaliwa wapi. Kipimo basi ni chepesi. Chombo kinachomrudisha mtu ardhini akiwa na maarifa zaidi kipokewe. Kinachomfanya aione ardhi kuwa usumbufu kikataliwe, hata kama kimetolewa bure, na hasa kikitolewa bure.

Yote hayo yangekuwa rahisi kama lawama ingeishia California. Haiishii huko. Uhalisia pepe una wafuasi ambao hawajapata kuvaa miwani hata siku moja. Afisa anayeandika taarifa ya kisima ambacho hajakiona, akajaza tarakimu nzuri katika majedwali na kuipeleka juu, amekwisha kujenga OASIS yake. Katika taarifa hiyo maji yanatoka. Kijijini ndoo ni kavu. Mkaguzi anayelipitisha jengo bovu kwa kutazama jalada lake tu anaishi katika dunia ileile ya kubuni, mpaka siku paa litakapomwondoa shaka. Jengo kongwe lililopimwa, likafungwa vyuma na kuzibwa mvua kwa wakati, hukaa. Lililolindwa kwa kalenda na kadi za watalii haliwezi kukaa, hata picha zake zikiwa nzuri namna gani.

Mwalimu naye ajipime. Mtoto wa Mjini anaweza kumaliza skuli akiwa ameuchora mti wa mkoko mara kumi kwenye daftari, asiwahi kutia mguu wake katika matope ya mikoko ambayo kwa basi ni mwendo wa saa moja. Anajua jina la twiga, ambaye Unguja haina, na hamjui kima punju, ambaye ulimwengu hauna ila hapa. Mtoto huyo, akivishwa miwani, hana kitu cha kuilinganisha nayo. Hawezi kupepeta, kwa maana hajapata kushika mchele. Aliyekwisha kuingia Jozani, akaumwa na mbu, akasikia mti ukitikisika kabla hajaona kilichoutikisa, ataitazama miwani kama mtu mzima anavyoitazama picha ya mtu anayemfahamu.

Kwa hiyo wajibu uko wazi. Kila skuli ya Unguja iuweke msitu katika ratiba yake kabla ya kuomba mashine za kuuigiza. Kila fedha itakayotolewa kununua vyombo vya kuonyeshea urithi ilinganishwe kwanza na fedha iliyotolewa kuukarabati urithi wenyewe. Kila mkuu wa idara aulize, taarifa inapofika mezani, ni nani aliyekwenda na alikaa muda gani. Na vijana wanaojua kuunda dunia za kioo, ambao wapo na ni hodari, wapewe kazi za kisiwa: kupima majengo ya Mji Mkongwe yanayopasuka, kufuatilia mikoko ya Chwaka, kuwahesabu kima.

Maskini hana sayari ya akiba. Chombo cha riwaya kiendacho Proxima Centauri hakina nafasi ya mvuvi wa Chwaka wala ya mkulima wa Cheju, na wala hakikujengwa kwa ajili yao. Mabwanyenye wakitaka kuota kwamba wameondoka, na waote. Wale waliokabidhiwa madarasa na ofisi za kisiwa hiki wana msitu wa kuutunza, majumba ya kuyashikiza na watoto wa kuwafundisha, na kazi hiyo haifanyiki mtu akiwa amefumbwa macho.